Sura ya Tano: Mstari Mlalo Kaskazini ya Pemba

Mstari mlalo una mlinganyo mfupi sana: y = k. Herufi x haimo. Kila nukta iliyo juu ya mstari huo ina namba ileile ya y, na x yake ni yoyote itakayotokea. Mteremko wake ni sifuri, maana anayeufuata hapandi wala hashuki. Kwa sababu ya wepesi huo, vitabu vingi vya shule huupa nusu ukurasa tu na kukimbilia mistari ya mshazari. Haraka hiyo haina faida, kwa kuwa mstari mlalo ndio unaoonyesha waziwazi kuliko mwingine wowote kinachotokea pale grafu inapohamishwa, inapoakisiwa au inapozungushwa. Pwani ya kaskazini ya Tanzania inao mmoja ambao serikali mbili ziliuwekea saini.

Kwa barua zilizobadilishwa tarehe 17 Desemba 1975 na 9 Julai 1976, Tanzania na Kenya zilikubaliana mpaka wa maji yao. Mpaka huo unaanzia Ras Jimbo, karibu na Jasini, ambako mpaka wa nchi kavu unaingia baharini. Kutoka hapo unapita kati ya pwani ya bara na ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Pemba kwa nukta tatu. Nukta A iko latitudo 4°49′56″ Kusini na longitudo 39°20′58″ Mashariki. Nukta B iko 4°53′31″ na 39°28′40″. Nukta C iko 4°40′52″ na 39°36′18″. Kati ya A na B mpaka ni tao lenye nusu kipenyo cha maili 6 za baharini. B na C zilipatikana kwa bikari: duara mbili zenye nusu kipenyo cha maili 12, moja kitovu chake mnara wa taa wa Ras Kigomasha huko Pemba, nyingine kitovu chake mnara wa taa wa Mpunguti ya Juu upande wa Kenya. Duara hizo hukatana mahali pawili, na mahali hapo ndipo B na C. Kuanzia C kwenda mashariki matao yanaachwa. Mpaka unashika latitudo ya C na kwenda nayo moja kwa moja hadi mwisho wa maji ya nchi hizo. Mwaka 2009 mataifa hayo mawili yalisaini mkataba mwingine uliohusu ukanda wa kiuchumi na sakafu ya bahari huko mbele.

Ili kuichora picha hii kwenye karatasi ya grafu, vipimo vya nyuzi, dakika na sekunde vinapaswa kugeuzwa kuwa namba moja moja. Kipimo kinachofaa ni dakika, kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852 hivi. Ikweta iwe mhimili wa x, na kila kilicho kusini mwake kiwe hasi. Latitudo ya C, 4°40′52″ Kusini, inakuwa −280.87. Longitudo zikihesabiwa kutoka Greenwich, C ingekuwa na x ya 2376.3, namba kubwa isiyoingia vizuri kwenye ukurasa. Mhimili wa y ukisogezwa hadi longitudo ya 39° Mashariki, kila x hupungua kwa 2340, na hapo nukta zinakuwa A (20.97, −289.93), B (28.67, −293.52) na C (36.3, −280.87). Kusogeza mhimili namna hiyo tayari ni uhamisho. Hakuna kilichohama baharini, na umbali kati ya nukta haukuguswa. Kilichohama ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Lipo tatizo dogo la uwiano. Dakika ya longitudo hufupika kadiri mtu anavyoikimbia Ikweta. Mjini London ni fupi kwa zaidi ya theluthi moja, na mraba wa karatasi haufanani tena na mraba wa ardhini. Katika latitudo ya Pemba upungufu ni chini ya nusu ya asilimia moja, kwa hiyo karatasi ya kawaida ya miraba inatosha na pembe zinazopimwa juu yake ni za kuaminika.

Sasa mistari miwili inaweza kulinganishwa. Kutoka B hadi C, x inaongezeka kwa 7.63 na y inaongezeka kwa 12.65, hivyo mteremko wa mstari unaoziunganisha ni 12.65 ÷ 7.63, yaani 1.66. Mstari huo unapanda kwa ukali kuelekea kaskazini mashariki. Ukifika C unakatika. Jedwali la mpaka kuanzia hapo halina la kukokotoa: x ikiwa 36.3, y ni −280.87, x ikiwa 60, y ni −280.87, x ikiwa 120, nyuzi mbili kamili mashariki ya mhimili, y bado ni −280.87. Mlinganyo ni y = −280.87, na sharti lake ni kwamba x isipungue 36.3. Sharti hilo ndilo linaloufanya mpaka uwe mwale wenye mwanzo. Bila sharti, mstari ungerudi magharibi na kukata maji ya Mpunguti hadi nchi kavu.

Mpaka wa bara ni wa aina nyingine. Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hili mwaka 1886, walivuta mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, mahali pwani ya mashariki ya ziwa inapokatwa na latitudo ya nyuzi 1 Kusini, na wakaupinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro. Ukiachilia mbali pindo hilo, ni mstari wa mshazari wenye mteremko wa kama −0.7: kwa kila nyuzi moja kwenda mashariki, mpaka unashuka kusini kwa sehemu saba za kumi za nyuzi. Ukiingia ziwani nao unalala. Kutoka hapo latitudo ya nyuzi 1 Kusini ndiyo mpaka, kwanza na Kenya, kisha na Uganda hadi ng'ambo ya ziwa.

Kwa nahodha, tofauti kati ya mpaka wa mshazari na mpaka mlalo ni kubwa. Mshazari unamdai namba mbili na hesabu: ajue longitudo yake, aizidishe kwa mteremko, kisha alinganishe na latitudo. Mpaka mlalo unamdai namba moja. Mvuvi aliyetoka Moa au Micheweni akiwa mashariki ya nukta C hutazama latitudo peke yake kwenye kioo cha GPS. Kwa lugha ya hesabu, maji ya Tanzania ni eneo ambalo y ni ndogo kuliko −280.87. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kioo cha GPS hakiandiki alama ya hasi. Kinaandika 4°45′ na herufi ya kusini, na namba inayoonekana kubwa zaidi ndiyo iliyo chini zaidi kwenye grafu.

Uhamisho

Kuhamisha umbo ni kulisogeza lote kwa kiasi kimoja bila kuligeuza. Uhamisho wa (a, b) huichukua kila nukta (x, y) na kuipeleka kwenye (x + a, y + b). Mstari wa mshazari wenye mlinganyo y = mx + c, ukihamishwa hivyo, hubaki na mteremko wake m, lakini c yake hubadilika kwa b − ma. Kwenye mstari mlalo m ni sifuri, kwa hiyo ma inafutika. Kinachobaki ni b. Mstari y = k unakuwa y = k + b, na a haiachi alama yoyote. Ukiusukuma mstari mlalo mashariki kwa maili mia, picha ni ileile.

Jambo hili lina kazi halisi katika upimaji wa Afrika Mashariki. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84, wenye umbo la dunia tofauti kidogo na kitovu chake mahali pengine. Kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili, vitovu hutenganishwa na mita −160, −6 na −302 katika mihimili mitatu. Hizo ndizo namba zinazotumika kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja. Zikiingizwa kwenye hesabu kwa latitudo ya nukta C, matokeo ni uhamisho wa kama mita 97 kwenda mashariki na mita 255 kwenda kusini. Mwamba uliokaa mahali pamoja tangu enzi hupata anwani mpya, na anwani hiyo imesogea zaidi ya robo kilomita.

Tuseme latitudo ya 4°40′52″ imesomwa kwenye ramani ya Arc 1960. Mstari huohuo wa majini, kwa GPS, utasomeka karibu 4°41′00″, sekunde nane na kitu zaidi. Zile mita 97 za mashariki zimepotea, kama kanuni inavyosema. Mstari wa B na C hauna bahati hiyo. Mteremko wake wa 1.66 unazikamata mita zote mbili: −255 − (1.66 × 97) ni −416, na ndivyo mstari unavyoshuka ukipimwa kwa wima. Mtu anayeandika namba za ramani kuukuu moja kwa moja ndani ya GPS, bila uhamisho, ataupata mpaka wake mlalo mita 255 kaskazini ya ulipo. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:250,000 kosa hilo ni milimita moja, unene wa wino wa kalamu. Kwenye ramani ya 1:50,000 ni milimita tano, na mtu yeyote huliona.

Uhamisho mwingine mkubwa zaidi umefichwa ndani ya gridi ya ramani za nchi. Mfumo wa UTM hugawa dunia katika kanda, na pwani ya Tanga iko katika kanda ya 37 kusini, ambayo mstari wake wa kati ni longitudo ya 39° Mashariki. Wapimaji hawapendi namba hasi, maana alama ndogo ikisahaulika nyumba huhamia bara jingine. Kwa hiyo kila x huongezewa mita 500,000, na kila y ya kusini ya Ikweta huongezewa mita 10,000,000. Mji wa Tanga, ulio kama kilomita 11 mashariki ya mstari wa kati na kilomita 560 kusini ya Ikweta, unasomeka karibu 511,000 na 9,440,000. Anayeijua siri ya uhamisho huu hutoa namba hizo mbili kichwani na kujua papo hapo yuko wapi.

Hata hivyo, ulalo wa mstari hutegemea karatasi. Kwenye chati ya Mercator, ambayo mabaharia huitumia, kila latitudo ni mstari mlalo ulionyooka. Kwenye gridi ya UTM latitudo zimejikunja kidogo. Latitudo ya nukta C inaikata longitudo ya 39° mahali ambapo y ya gridi ni kama 9,482,600, lakini ikifika ukingoni mwa kanda, longitudo ya 42°, imeshuka kusini kwa kama mita 700. Na juu ya dunia yenyewe, latitudo si njia iliyonyooka. Chombo kinachoondoka nukta C kikielekea mashariki barabara, kikafuata njia fupi kabisa bila kugeuza usukani, baada ya maili 200 za baharini kitakuwa kimeuacha mstari na kusogea kaskazini kwa karibu mita 900. Ndiyo maana ni bora mkataba wa mpaka useme wazi iwapo mstari wake ni latitudo au ni njia fupi. Makubaliano ya 1975 na 1976 yanasema latitudo.

Kuakisi, kuzungusha, kukuza

Kuakisi katika mhimili wa x ni kubadili alama ya y. Mstari y = −280.87 ukiakisiwa katika Ikweta unakuwa y = 280.87, na huko unaikuta pwani ya Somalia jirani na Harardhere. Umbali kati ya mstari na taswira yake ni 561.74, yaani maili za baharini zaidi ya 560. Baharia anayebonyeza herufi ya kaskazini badala ya kusini amefanya uakisi huo kwa kidole kimoja. Kuakisi katika mhimili wa y hakuubadilishi mstari mlalo, ingawa mwale wetu ungegeuka na kuelekea magharibi. Kukuza kwa kizio s kutoka kwenye asili hufanya y = k kuwa y = sk; kitovu cha ukuzaji kikiwa juu ya mstari wenyewe, mstari haubadiliki hata kidogo.

Mzunguko ndio unaouvunja ulalo. Nyuzi 90 kuizunguka C hutoa mstari wima x = 36.3, ambao mteremko wake hauna namba. Nyuzi chache tu zinatosha kuleta ugomvi wa mataifa, na ushahidi wake uko upande wa pili wa Kenya. Kenya ilidai kwamba mpaka wake wa baharini na Somalia nao ni latitudo, 1°39′43.2″ Kusini. Dai hilo lingeipa bahari iliyobanwa kati ya mistari miwili sambamba, y = −99.72 upande wa kaskazini na y = −280.87 upande wa kusini, yenye upana uleule wa maili 181 popote inapopimwa. Mistari sambamba hubaki hivyo: tofauti ya k zake haitegemei x. Somalia ilitaka mstari wa umbali sawa, unaoshuka kusini mashariki. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliikataa hoja ya latitudo na kuchora mstari wake yenyewe, ambao sehemu yake ndefu inaanza kwa mwelekeo wa nyuzi 114 kutoka kaskazini. Mashariki barabara ni nyuzi 90, hivyo mstari wa mahakama ni ule mlalo uliozungushwa nyuzi 24 kufuata saa. Mteremko wake mwanzoni ni kama −0.45, na kwa kila maili 100 za mashariki Kenya inarudi kusini maili 45 hivi. Serikali ya Kenya ilitangaza kutoitambua hukumu hiyo.

Mstari wa sifuri wa Tanga

Mhimili wa y ukisimama wima badala ya kulala juu ya ramani, Tanga ina mstari mlalo mwingine wenye uzito wa kitaifa. Urefu wa milima na barabara za Tanzania Bara uliegemezwa kwenye wastani wa usawa wa bahari uliopimwa bandarini Tanga kati ya 1962 na 1964. Hapo ndipo y = 0 ilipowekwa. Chati za mabaharia hazitumii sifuri hiyo. Sifuri yao iko chini zaidi, karibu na maji ya kupwa kabisa, ili namba iliyoandikwa iwe kina ambacho chombo kina uhakika nacho hata bamvua linapokauka. Kutoka sifuri moja kwenda nyingine ni uhamisho wa wima peke yake, na kila mstari mlalo unausikia kikamilifu.

Bandari yenyewe imefanyiwa uhamisho wa aina hiyo kwa mashine. Lango la kuingilia meli lilikuwa na kina cha kama mita 3, na meli kubwa zilitia nanga mbali na gati huku shehena ikishushwa kwa matishari. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ililichimba hadi mita 13. Sakafu iliyokuwa y = −3 ikawa y = −13, uhamisho wa (0, −10).

Kwa chombo kidogo mchoro unaofaa ni ule wa maji kujaa na kupwa. Tuseme juu ya fungu fulani la mchanga kina cha maji kinacheza kati ya mita 0.4 na mita 3.6, wastani mita 2, na mawimbi ya kujaa yanafuatana kila baada ya saa 12 na dakika 25. Grafu yake ni mkunjo unaopanda na kushuka. Jahazi linalohitaji mita 1.2 ili lielee huwakilishwa na mstari mlalo y = 1.2. Pale mkunjo unapokuwa juu ya mstari, njia iko wazi. Unapokuwa chini, jahazi husubiri. Mkunjo ukichukuliwa kuwa wa kosini, mstari huo unaacha theluthi mbili za mzunguko juu yake, yaani saa 8 na dakika 17 za kupita. Jahazi likipakiwa hadi likahitaji mita 2, mstari unapanda hadi y = 2 na muda unapungua kuwa nusu ya mzunguko, saa 6 na dakika 12.

Matokeo hayohayo hupatikana kwa njia nyingine. Mstari ukiachwa kwenye 1.2 na mkunjo wote ukashushwa kwa 0.8, kama ingekuwa endapo mchanga ungejaa na kuinua sakafu kwa sentimita 80, nukta za makutano zinabaki kwenye saa zilezile. Uhamisho wa (0, 0.8) kwa mstari na uhamisho wa (0, −0.8) kwa mkunjo haviwezi kutofautishwa na anayetazama saa za kupita tu. Ili kujua ni kipi kilichotokea, nahodha hana budi kutia bildi majini na kupima upya.